Amplifaya iliyokuwa inakula gesi

Nina miaka kumi na kitu nikitengeneza amplifaya hapa Makambako: za makanisani, za baa, za vijana wa matangazo wanaozunguka na spika juu ya gari. Kwa hiyo mama mdogo aliponipigia simu kutoka kijijini kwake, juu huko Njombe, akaniambia anataka king'ora cha hewa mbaya ya mkaa, nikaona ni kazi ya jioni mbili. Ilinichukua miezi minne, na sehemu kubwa ya miezi hiyo niliipoteza kwenye kitu kile kile ninachojiita fundi wake.

Mama mdogo analea vifaranga. Anachukua mia tatu kwa mkupuo, na wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Kwa baridi ya Njombe mwezi wa saba, joto hilo analipata kwa majiko mawili ya mkaa ndani ya bruda, kile kibanda cha kulelea vifaranga, iliyozibwa nailoni kila upande. Binti anayelala humo kuwaangalia akaanza kuamka na kichwa kinagonga. Wakampima malaria, hakuna. Alfajiri moja alitoka kwenda kuchota maji akadondoka hatua tatu kutoka mlangoni, na baridi ya nje ndiyo iliyomzindua.

“Mwanangu, wewe si ndiye fundi wa vidude vya kupiga kelele? Nitengenezee kimoja cha huyu mtoto wa watu.”

Adui mwenyewe ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inaing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Pua haisaidii kitu. Kinachotakiwa ni kihisi.

Nilianza na kile ambacho kila mtu anaanza nacho: MQ-7, kile kikopo chenye wavu kinachokuja kwenye kibao cha buluu. Kariakoo wanakiita sensa, lakini ukitaja sensa kijijini watu wanamfikiria karani wa kuhesabu kaya, kwa hiyo humu nasema kihisi. Kwenye kibao kile kuna chipu ya miguu minane, nami kwa mazoea nikadhani ndiyo amplifaya. Siyo. Ni LM393, mlinganishi: inatazama volti mbili, inasema hii imezidi au haijazidi, basi. Haikuzi chochote. Ule mguu wa analogi unatoka moja kwa moja kwenye kihisi na rezista yake bila hata kupita kwenye hiyo chipu. MQ-7 haihitaji amplifaya kabisa. Ni rezista inayobadilika kwa gesi, ishara yake ni volti nzima nzima, unaichomeka kwenye Arduino, kile kibao chenye maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, na inasomeka.

Ugomvi wangu na MQ-7 ulikuwa mwingine. Inataka kupashwa moto kwa zamu: volti 5 kwa sekunde 60, kisha volti 1.4 kwa sekunde 90, na usomaji unafanyika kwenye ile zamu ya chini. Kile kibao cha buluu kinaipa volti 5 mwanzo mwisho. Usiku wa ukungu ilipanda bila moto, mchana ikashuka na majiko yanawaka. Siku ya tatu mama mdogo aliizima, akaitundika msumarini kama picha.

Nikaagiza TGS5042 ya Figaro, Japani. Ina umbo la betri ya AA. Herufi TGS zimetokana na Taguchi, Mjapani aliyeombea hataza kihisi cha gesi cha kupashwa moto mwaka 1962. Hiki changu hakipashwi moto, kimerithi jina tu. Ndani yake gesi inaungua kwa kemia, na kila molekuli ya kaboni monoksidi ikiungua inaachia elektroni mbili. Hizo elektroni ndizo ishara. Uzuri wake ni kwamba mkondo unapanda sawia na gesi: gesi ikiongezeka maradufu, mkondo nao maradufu. Ubaya wake ni ukubwa wa huo mkondo. Kwa kila ppm, yaani chembe moja ya gesi katika chembe milioni za hewa, kihisi kinatoa kati ya nanoampea 1.2 na 2.4, na namba halisi wameiandika kwenye mwili wa kila kimoja. Changu kimeandikwa 1.78. Taa ndogo ya LED inakula nanoampea milioni 20 ili iwake. Hapa tunazungumzia moja na nukta.

Hapo ndipo amplifaya inapoingia, na hapo ndipo ujuzi wangu wa spika uliponiponza. Mimi nimezoea kuulizwa swali moja: ina wati ngapi? Nikaona hiki ni kile kile, kisauti kidogo kinachotaka kukuzwa.

Kwenye droo yangu chipu za amplifaya LM358 hazipungui hamsini. Nikachukua moja, nikaiweka kwenye soketi, nikafunga sakiti ya kugeuza mkondo kuwa volti: rezista ya megaomu 1 kutoka mguu wa 1 kurudi mguu wa 2, kapasita ya maikrofaradi 1 sambamba nayo ili isomeke kwa utulivu, mguu wa 3 ardhini, kihisi kati ya ardhi na mguu wa 2. Hesabu ilikuwa tamu. Nanoampea 1.78 mara megaomu 1 ni milivolti 1.78 kwa kila ppm. Ppm 50 zitanipa milivolti 89. Nani haoni milivolti 89?

Nikawasha kijiko kidogo cha mkaa kwenye stoo ya nyuma, nikakaa na mita yangu. Sifuri. Nikaongeza mkaa. Sifuri. Nikageuza kihisi, huenda nimekifunga kinyume. Sifuri. Nikakirudisha kilivyokuwa, nikapuliza moto. Nilikuwa nimeanza kusikia kichwa kizito mimi mwenyewe ndipo namba ikaamka, ikasoma milivolti 9. Nikatoka nje nikakaa juu ya tofali, nikacheka peke yangu. King'ora cha kuokoa watu kilitaka mtu aanze kuumwa ndipo kiseme.

Jibu lilikuwa kwenye datashiti, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, mstari ambao kwa miaka yote nilikuwa nauruka. Miguu ya kuingilia ya amplifaya nayo ina mkondo wake, hata kama ni mdogo kiasi gani. Kwa LM358 ni nanoampea 45 kwa kawaida, na mtengenezaji anakuonya kwamba chipu yako inaweza kufika 250. Sasa gawa 45 kwa 1.78: ppm 25 zinaliwa kabla chochote hakijatokea upande wa pili. Gawa 250: ppm 140. Ni kama umempa mtu mahindi akubebee, naye anatafuna njiani. Akibeba magunia, huoni pengo. Akibeba kiganja kimoja, anafika mikono mitupu. Kwenye muziki sijawahi kuliona jambo hili hata siku moja, kwa sababu kapasita za kuunganishia zinazuia mkondo wa aina hiyo, na hakuna anayesikiliza volti isiyotikisika.

Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza swali zuri: “Fundi, si utoe tu hizo 45 kwenye programu?” Ningezitoa kama zingekaa 45. Lakini zinabadilika na joto, na chipu hii si sawa na ile. Ukitoa 45 kwenye chipu inayokula 80, umemdanganya binti anayelala pale.

Nikakumbuka chipu nyingine ya amplifaya, TL072. Ninazo nyingi, nimezing'oa kwenye mikisa za kwaya zilizopigwa na radi. Miguu yake ya kuingilia ni ya JFET, aina ya transista, na inakula pikoampea 65 tu, ambazo hazifiki hata sehemu ya kumi ya nanoampea moja. Raha nyingine ni kwamba mpangilio wa miguu ni ule ule wa LM358. Nikachomoa ile, nikachomeka hii kwenye soketi ile ile. Namba ikapaa, ikakwama volti 3 na ushee, na king'ora kinalia wakati stoo haina hata kiberiti.

Hii nayo nilipaswa kuijua. TL072 imezoea maisha ya kwenye mikisa: volti 15 chanya, volti 15 hasi, na ishara inacheza katikati. Mimi nimeipa volti 5 upande mmoja na kuilaza miguu ya kuingilia pale pale kwenye ukingo wa chini. Huko haioni, na ikiacha kuona inaweza kutoa jibu la kinyume kabisa. Kwa hiyo maswali yakawa mawili. La kwanza, inakula kiasi gani? La pili, je, inaweza kufanya kazi ikiwa imebanwa ukutani, karibu na sifuri, kwa volti 5 tu?

Chipu iliyojibu yote mawili ilikuja na basi kutoka Dar, tatu ndani ya bahasha, nikasaini stendi saa nne usiku. MCP6002. Inakubali volti 1.8 hadi 6, miguu ya kuingilia na wa kutokea inafika kingo zote mbili, na inakula pikoampea 1. Kwa kihisi changu hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya ppm. Miguu ni ile ile, soketi ile ile. Moja niliiua usiku huo huo kwa kuichomeka kwenye volti 12 za betri ya majaribio, mazoea ya LM358 inayovumilia. Ya pili nikaipa volti 5 zake, nikasogeza kaa moja la moto, na namba ikaanza kupanda taratibu, kama maziwa kabla hayajafurika: 12, 15, 19, 26.

MCP6002 ina kasoro yake: volti ya kosa pale inapoingilia, inayoweza kufika milivolti 4.5, kama ppm 2 na nusu kwangu. Lakini kosa hilo linatulia mahali pamoja. Unakisomesha kwenye hewa safi, unaiandika namba, unaitoa kwenye programu. Kuna walioniambia ninunue LMP7721, ambayo mkondo wake ni femtoampea 3, na femtoampea ni sehemu ya elfu ya pikoampea. Sikatai kwamba ni chipu ya ajabu, ila ni kununua mizani ya dhahabu ili upime mchanga. Wengine wakanitajia LMP91000, yenye kila kitu ndani na unaiamuru kwa waya mbili kutoka kwenye maikrokontrola. Kama kihisi chako kina elektrodi tatu, hiyo itakuondolea maumivu mengi. Mimi changu kina mbili, na chipu ile haina miguu: ni kigae cha milimita 4 kwa 4. Mimi nalehemu kwa mkono, dirishani, na macho yangu yana miaka yake.

Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo sasa siliachi katika sakiti yoyote ya namna hii. Sikuiacha sifuri iwe ardhini. MCP6002 ina amplifaya mbili ndani, na ya pili ilikuwa imekaa bure, nikaipa kazi ya kushikilia milivolti 104 zinazotoka kwenye rezista mbili, kiloomu 47 na kiloomu 1. Mguu wa 3 ukapanda hapo. Mguu wa pili wa kihisi nao uunganishwe hapo hapo. Nilipousahau ardhini, kihisi kilibeba milivolti 104 kichwani na kikanisomea upuuzi usiku kucha. Faida yake ni kwamba kitu kikivuta namba kwenda chini, unaona. Sifuri ya ardhini haina chini.

Upande wa maikrokontrola ni mfupi. Arduino Nano inagawa kipimo chake vipande 1,024. Ukipima kwa volti 5, kila kipande ni karibu milivolti 5, yaani ppm 2.7 kwa hatua, na namba inaruka kama chura. Ndani yake kuna rejeo la volti 1.1, washa hilo, kila hatua inakuwa kama milivolti 1. Usiiamini hiyo 1.1 kwa macho, ipime. Yangu ni 1.08. Bado nafika ppm 500 na kitu kabla ya kugonga dari, na mtu aliye kwenye ppm 500 hahitaji usahihi, anahitaji mlango.

Nikapeleka mtambo kijijini nikiwa na kifua mbele. Usiku wa kwanza, namba ikaanza kuzama chini ya ile sifuri yangu ya milivolti 104: 104, 90, 71, 58. Hakuna gesi inayokwenda chini ya sifuri. Ilikuwa ukungu. Ule wa Njombe wa saa kumi alfajiri, unaoingia mpaka kwenye sukari. Kwenye kibao changu nilikuwa nimepitisha njia ya volti 5 jirani kabisa na mguu wa 2, na katikati yao nimeacha utando wa dawa ya lehemu, ule unaonata kahawia. Ukilowa, unapitisha umeme. Kidogo sana, tuseme kama rezista ya megaomu 100, ambayo mita yangu haiwezi hata kuipima. Lakini volti 5 kwa megaomu 100 ni nanoampea 50. Amplifaya inayokula pikoampea 1, na uchafu wangu unaleta 50,000! Nimewahi kuuza vitu vya watu vikiwa na utando ule ule, na vinaimba mpaka leo.

Nikaisogeza njia ya volti 5, nikachukua spiriti na mswaki mkuukuu, nikausugua ubao mpaka ukang'aa, nikawasha. Ppm 300 na zaidi. King'ora, vifaranga wanakimbia huku na huku, mama mdogo amesimama na kanga begani ananiangalia. Spiriti ni alkoholi, na mvuke wa alkoholi nao unakisisimua kihisi; nilikuwa nimekiacha ubaoni nikisugua hapo hapo puani pake. Ilichukua nusu ya siku kutulia. Siku hizi nakitoa kwanza, na miguu yake naiunganisha kwa kipande cha waya kikiwa nje.

Kuunganisha miguu kuna sababu. Kihisi cha namna hii kikikaa bila amplifaya ya kukishikilia, kinajijaza umeme wake chenyewe, na ukikirudishia umeme kinahitaji muda mrefu kusema kweli. Na huko umeme unakatika. Dawa ni transista moja, J177, inayowekwa kati ya miguu miwili ya kihisi: umeme ukiwepo imeachia, umeme ukikatika inafunga yenyewe na kuibana miguu pamoja.

Gesi ya kupimia sahihi sikuwa nayo. Rafiki anayefanya kazi migodini alinikopesha kipimo chake cha mkononi kwa wikiendi moja. Tukaviweka vyote viwili chini ya ndoo, na kaa moja. Chake 62, changu 58. Nikamshika mkono. Ratiba ya kulia nikaifuata ile ya kiwango cha Ulaya, EN 50291: ppm 50 zikidumu dakika 60 hadi 90, ppm 100 dakika 10 hadi 40, ppm 300 ndani ya dakika 3. Kwa muda nilichukua upande mfupi, na mama mdogo nikamwambia wazi kwamba hiki ni kidude cha mkono wa fundi, nailoni ya upande wa juu ikatwe hata kama baridi itaingia. Ilikatwa siku hiyo hiyo, na jiko moja likahamia nje na bomba la bati.

Kikatulia wiki mbili. Halafu simu, saa saba mchana, jua kali. “Mwanangu, kinalia. Na majiko ni ya baridi, nimeyagusa kwa mkono.” Nilishaanza kuilaani MCP6002 moyoni. Nikamuuliza kuna nini kipya humo ndani. Hakuna, akasema, ila betri ya sola, ameiingiza bruda isiibiwe. Betri ya maji, ile ya gari, ikijaa kwenye jua la mchana inachemka na kutoa haidrojeni, na vihisi vingi vya kaboni monoksidi vinaihesabu haidrojeni kama ndugu yake. Amplifaya haikuwa na kosa. Betri ikatoka nje, kwenye kisanduku chenye matundu, jambo ambalo lilitakiwa hata kama king'ora kisingekuwepo.

Tangu hapo mama mdogo ameweka daftari lake. Kila kikilia anachora mstari kwa mkaa kwenye mbao za mlango, na pembeni anaandika neno moja. Mara ya mwisho nilipopanda kule nilihesabu mistari sita: mkaa, mkaa, betri, mkaa, kuni, na wa sita ameandika “sijui”.

“Kamwene mama. Huu wa sita ulikuwa lini?”

“Jumapili. Hakukuwa na moto, hakuna betri. Hakuna kitu.”

“Humo ndani hamkuweka chochote?”

“Chochote kama nini? Tuliweka madumu ya ulanzi tu, ya ile sherehe ya ubatizo. Matano.”

Ulanzi ni pombe ya mianzi. Nikaenda kunusa pale madumu yalipokuwa. Jumamosi ijayo napanda tena na kihisi cha pili, dumu moja na ndoo.